Leseni ya Mwamba Si Kibali cha Maji



Nimeombwa nizungumzie vibali vya kutiririsha majitaka katika kazi za utafutaji madini. Mada kavu, nakubali. Mtu akisikia habari ya kibali anawaza foleni, muhuri, ada na "njoo kesho". Lakini mimi ni mtu wa maji, siyo wa madini, na nilichokiona katika kazi yangu ni kwamba ugomvi mwingi kati ya mgodi na kijiji huanzia miaka ambayo mgodi wenyewe haujakuwapo. Huanzia wakati wa utafutaji, kampuni ikiwa na mahema machache na mtambo mmoja wa kuchoronga, na kila mtu, kuanzia mwenyekiti wa kijiji mpaka ofisa wa wilaya, anasema hawa wanatafuta tu, hawajaanza chochote. Kauli hiyo ndiyo nimekuja kubishana nayo.

Sheria nitazipitia kwa haraka, maana wengi wenu mnazijua. Leseni ya utafutaji hutolewa chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na tangu marekebisho ya 2017 msimamizi wake ni Tume ya Madini. Kwa utaratibu wa sheria hiyo ya 2010, muda wa kwanza hauzidi miaka 4, ukihuishwa unaongezewa 3, kisha 2. Leseni inampa mwenye nayo haki ya kuingia katika eneo, kuweka kambi, kuchimba mitaro ya majaribio na kuchoronga. Maji hayamo humo. Maji yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya mwaka 2009, na wanaoyasimamia ni Bodi za Maji za Mabonde, ambayo nchini mwetu ni 9, kuanzia hili letu la Ziwa Victoria mpaka Ruvuma na Pwani ya Kusini. Anayetaka kuchota mtoni au kuvuta maji ya ardhini kwa kazi isiyo ya nyumbani anaomba Bodi kibali cha kutumia maji. Anayetaka kuyarudisha mtoni au ardhini yakiwa yamechafuka anaomba kibali kingine, cha kutiririsha majitaka. Juu ya hayo ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na macho ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), na humo ndimo ilimo ile marufuku ya shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa.

Wala asiwepo wa kusema haya yamezuka juzi. Tulikuwa na sheria ya matumizi ya maji tangu 1974, na marekebisho yake ya 1981 ndiyo yaliyoleta viwango vya majitaka. Wazee waliopo hapa walikwisha kuishi chini ya utaratibu huu kabla baadhi yetu hatujaanza shule.

Sasa tusogee hadi kwenye mtambo.

Kuna namna mbili kubwa za kuchoronga. Ya kwanza hutumia kekee yenye punje za almasi, inayokata mwamba na kuleta juu kipande kirefu cha mviringo ambacho wanajiolojia hukipanga kwenye trei. Kekee hiyo haiwezi kufanya kazi bila maji. Maji hushushwa ndani ya mabomba, yanaipoza, yanabeba unga wa mwamba na kupanda nao juu kupitia nje ya mabomba. Si maji matupu. Yamechanganywa udongo maalumu unaoitwa bentonaiti ili kuta za tundu zisiporomoke, au kemikali za kuyafanya yawe mazito na yateleze, na humo humo kuna grisi ya mabomba na matone ya dizeli kutoka kwenye mtambo. Mtambo mmoja hutumia maelfu ya lita kwa siku, na mwamba ukiwa na nyufa, maji mengi hupotelea humo humo yasionekane tena.

Namna ya pili hutumia hewa iliyobanwa. Hii watu huisifu kwamba ni kavu. Ni kavu mpaka pale kekee inapofika kwenye maji ya ardhini. Kuanzia hapo hewa inayasukuma maji hayo juu pamoja na unga wa mwamba, na yanamwagika palepale kwenye mtambo. Hakuna aliyeyaomba, hakuna aliyepanga yaende wapi, nayo yanatoka.

Kando ya mtambo utakuta shimo la kutulizia tope. Likichimbwa vizuri linakuwa na vyumba viwili au vitatu: tope linatuama katika cha kwanza, maji yaliyochujika yanahamia cha pili, na kutoka hapo yanavutwa na pampu kurudi kwenye mabomba. Chini limetandikwa karatasi nzito ya plastiki, na limezungushiwa uzio. Likichimbwa ovyo ni shimo tu la udongo mtupu, maji yake ya kijivu kama uji mwepesi, juu yake utando wa mafuta unaong'aa kwa rangi za upinde wa mvua, na ukingoni nyayo za mbuzi. Mvua ikinyesha usiku mmoja linafurika. Asubuhi lile tope liko kwenye kijito, na kijito kinakwenda kwenye lambo la kijiji. Hapo ndipo kibali cha kutiririsha majitaka kinapohusika, hata kama hakuna mtu aliyefungua bomba kwa makusudi.

Kisha kuna tundu lenyewe. Kampuni ikishapata vipande vyake inahama, na tundu linabaki, lenye kina cha mita 200 au 300 na zaidi. Lisipozibwa kwa saruji linaweza kuunganisha tabaka la maji ya chumvi na tabaka la maji matamu yaliyokuwa yametengana tangu enzi. Mahali pengine maji ya chini yana msukumo, yanapanda yenyewe na kutiririka juu miaka na miaka. Naomba Bodi zetu zilitazame jambo hili kwa jicho kali kuliko lile la shimo la tope, maana tope hukauka siku moja na tundu halikauki.

Na zipo kazi za utafutaji zinazovuka kiwango cha mtambo: kuchimba duara la majaribio, yaani shimo la kushukia chini, au njia ya kuingia chini ya ardhi ili kuchukua sampuli kubwa ya mbale, yaani mawe yenye madini. Ukishuka chini ya kina cha maji ya ardhini, lazima uyavute usiku na mchana, vinginevyo wafanyakazi wanazama. Maji hayo yametoka kwenye mwamba uliopasuliwa. Ikiwa mwamba una madini ya salfa, hasa pairaiti, hewa na maji vikiyagusa hutokea tindikali, na tindikali huyeyusha metali zilizokuwa zimelala kwenye jiwe bila kumdhuru mtu. Tindikali haiulizi kama mmiliki ana leseni ya utafutaji au ya uchimbaji.

Mfano wa hatari ya kwenda kuchunguza uko Marekani. Tarehe 5 Agosti 2015, kikosi cha Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo, tena lenyewe ndilo mtoaji na msimamizi wa vibali vya majitaka, kilikuwa kwenye mgodi wa kale uitwao Gold King, karibu na mji wa Silverton, jimbo la Colorado. Kilikwenda kuchunguza mdomo wa handaki lililoziba. Nyuma ya kifusi maji yalikuwa yamejaa kwa msukumo mkubwa. Mtambo wa kuchimba ulipogusa, yakapasuka: galoni milioni 3, yaani zaidi ya lita milioni 11, za maji yenye tindikali na metali. Mto Animas uligeuka rangi ya manjano, na maji yakateremka mpaka New Mexico na kwenye ardhi ya Wanavajo. Wataalamu walioitwa baadaye walisema kikosi kilipaswa kwanza kutoboa tundu kutoka juu na kupima kimo cha maji. Hawakupima. Hawakuwa wachimbaji wala hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanachunguza.

Tena utafutaji hauwi mfupi kama tunavyoambiwa. Nikeli ya Kabanga, kule Ngara, ilianza kuchorongwa miaka ya 1970. Leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Oktoba 2021. Kati ya hapo kampuni zimekuja na kuondoka, watoto wamezaliwa na kuwa wazazi, na kwa miaka yote hiyo eneo liliitwa la utafutaji. Mwamba wa Kabanga ni wa salfa. Sisemi kwamba kuna aliyemwaga kitu pale. Nasema tu kwamba kazi inayoweza kuchukua zaidi ya miaka 40 haistahili kuitwa ya muda, na mto unaoelekea Kagera na Ziwa Victoria haujui mpaka wa leseni.

Mahakama ya Juu ya jimbo la Alaska ilikutana na swali hilihili. Kwenye eneo la Pebble, ambako maji yanakwenda Ghuba ya Bristol yenye samaki wa samoni, yalitobolewa zaidi ya matundu elfu moja ya utafutaji kwa vibali vilivyoitwa vya muda, vinavyoweza kufutwa wakati wowote, na kwa hiyo wananchi hawakutangaziwa. Mwaka 2015 mahakama ikasema kibali kinachoacha matundu yatakayodumu hakiwezi kuitwa cha muda kwa sababu tu karatasi imesema hivyo, na kwamba wananchi walistahili kupewa taarifa kwanza. Naipenda hukumu ile kwa sababu iliangalia ardhini badala ya kuangalia kichwa cha habari cha fomu.

Sasa nifike kwenye kiini.

Viwango vyetu vya majitaka vinasema ukali wa tindikali, ile pH, uwe kati ya 6.5 na 8.5, vitu vinavyoelea visizidi miligramu 100 kwa lita, zebaki isizidi 0.005; aseniki isizidi 0.2. Tulieni kidogo kwenye aseniki. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 0.01 kwa lita. Maana yake mtu anaweza kutiririsha majitaka yaliyo halali kabisa kwa karatasi, nayo yakawa na aseniki mara 20 ya ile inayofaa kunywewa. Sheria haijakosea. Inategemea mto utayachanganya. Lakini vijito vingi vya huku kwetu vina maji miezi michache, na kiangazi kijito chote kinaweza kuwa ni hayo hayo majitaka. Kwenye Bonde la Kati ni vigumu zaidi, kwa kuwa maji ya huko hayana njia ya kufika baharini. Yanaishia kwenye maziwa na mabwawa ya chumvi, yanakaushwa na jua, na kilichokuwamo kinabaki. Upande wa Bahi na Manyoni, ambako urani imewahi kutafutwa, hilo si jambo la nadharia.

Jambo la pili kuhusu aseniki ni kwamba dhahabu ya Kanda ya Ziwa hupenda kukaa jirani na madini yenye aseniki. Visima vingine vinaweza kuwa nayo tangu asili, kabla ya mchimbaji yeyote. Siku malalamiko yatakapoanza, kampuni itasema aseniki ilikuwapo tangu zamani, na kijiji kitasema haikuwapo. Nani ataamua? Ataamua mwenye kipimo cha kabla. Na kipimo cha kabla kinaweza kuchukuliwa wakati mmoja tu, kabla kekee haijagusa mwamba. Ukipita huo, hata uwe na fedha za dunia nzima, huwezi kurudi nyuma ukaupima mto uliokuwapo.

Ndiyo maana nakitetea kibali hiki. Muombaji analazimika kueleza atachota wapi, mita za ujazo ngapi kwa siku, ataongeza nini ndani yake, atayasafisha vipi, atayamwaga nukta gani kwenye ramani, na nani yuko chini ya mkondo. Hawezi kujibu maswali hayo bila kupima, na akipima, namba zinaingia kwenye jalada la Bodi. Ada anayolipa kwangu ni jambo dogo. Lile jalada ndilo mali.

Tumeona gharama ya kukosa makubaliano juu ya vipimo. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa North Mara kuelekea Mto Tigithe. Kampuni ilisema wezi walikuwa wameiba karatasi za plastiki zilizozuia maji. Wanavijiji walisema watu na mifugo wamekufa, kampuni ikakana, na zikaja timu za kuchukua sampuli, kila moja na majibu yake na kila jibu na anayelipinga. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, NEMC iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi uliohusiana na bwawa la topesumu, na Julai ikazuia bwawa lisitumike. Faini inalipwa, bwawa linarekebishwa. Lakini ukimuuliza mzee wa Nyamongo, jirani na mgodi huo, maji ya Tigithe yalikuwaje mwaka 1990, atakujibu kwa kumbukumbu ya ulimi wake, na ulimi haupokelewi mahakamani kama cheti cha maabara.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Wawekezaji wadogo, wakiwamo Watanzania, wanasema: nachoronga matundu 10 kwa wiki tatu, maji yangu yanazunguka ndani ya mashimo yaliyotandikwa plastiki, hakuna tone linalotoka, kwa nini nisubiri kibali kama kiwanda cha ngozi? Nawaunga mkono. Ukimfungia mtu huyo miezi ofisini, utamfundisha kufanya kazi bila kibali. Wamarekani, chini ya Sheria yao ya Maji Safi ya 1972, wana kibali cha jumla: masharti yanaandikwa mara moja kwa kazi zinazofanana, na anayeyakubali anajisajili chini yake. Ningependa Bodi zetu zifikirie njia ya namna hiyo kwa mtambo unaozungusha maji yake, kwa masharti matatu yasiyojadiliwa: mashimo yatandikwe, matundu yazibwe, na sampuli za kabla na za baada ziletwe. Lakini atakayevuta maji kutoka kwenye duara au handaki la majaribio na kuyatoa nje ya eneo lake, huyo aombe kibali kamili na asubiri, hata akilalamika kwamba mtambo unamla fedha kila siku.

Na ninyi wachimbaji wadogo msidhani nimewasahau. Kwenu kutafuta na kuchimba ni kazi moja. Kila asubuhi pampu zinavuta maji ya duara na kuyapeleka mtaroni, na mtaro unapita kwenye mwalo ambako dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na zebaki inapaswa kupungua. Kwa hali zenu, kumtaka kila mwenye duara aombe kibali chake ni kujidanganya. Vikundi na vyama vyenu viombe kwa pamoja, kwa mtaro mmoja na bwawa moja la kutulizia. Bodi ikikataa ombi la namna hiyo kwa sababu fomu ina nafasi ya jina moja, basi kosa litakuwa la Bodi.

Nimalizie kwa wanafunzi, kwa kuwa kazi ya chupa itakuwa yenu. Sampuli huchukuliwa juu na chini ya mahali pa kutiririsha, wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na kwenye visima vya jirani. Chupa isuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yanayopimwa. Ya metali hutiwa tone la tindikali ya maabara ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Nyingine huachwa ilivyo. pH na uwezo wa maji kupitisha umeme hupimwa palepale ukingoni, si kesho yake mjini. Chupa inawekwa kwenye boksi la barafu, inaandikwa saa, tarehe na mahali, na inafikishwa maabara ya ubora wa maji haraka iwezekanavyo. Mwakilishi wa kijiji awepo na atie saini. Ni kazi ya nusu siku.

Wenyeviti wa vijiji mliopo hapa, nina ombi moja. Kampuni ya utafutaji ikija kujitambulisha na leseni yake, ipokeeni kwa heshima, kisha ombeni kuona kibali cha kutumia maji, kibali cha kutiririsha majitaka na majibu ya sampuli za kabla. Nakala zibaki kwenye ofisi ya kijiji. Kama hazipo, pigeni simu ofisi ya bonde siku hiyohiyo, kabla mtambo haujawashwa.